Miguu ya Ukambani na Gharama ya Ushindi

Jumapili ya tarehe 20 Septemba 1992, kijana wa miaka 22 kutoka Kitui alisimama kwenye mstari wa kuanzia mbio mjini Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Kwa mara ya kwanza shirikisho la riadha duniani lilikuwa limeandaa mashindano ya dunia ya nusu marathoni, na njia iliyochaguliwa ilikuwa ile ile ya Great North Run, kilomita 21 na ushei hadi South Shields kwenye ufuo wa Bahari ya Kaskazini. Benson Masya alifika huko kwa dakika 60 na sekunde 24. Nyuma yake alikuja Antonio Silio wa Argentina, kisha Boay Akonay wa Tanzania. Bingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa wanaume katika nusu marathoni alikuwa Mkamba.

Mwaka huo huo serikali iliimega wilaya kubwa ya Machakos na kuunda wilaya ya Makueni, kuanzia milima ya Mbooni na Kilungu hadi tambarare za Kibwezi na Mtito Andei. Ng'ambo ya mto Athi ilikuwa Kitui, nyumbani kwa bingwa. Nchi ni kame pande zote mbili, mvua ni ya kubahatisha, na kwa miaka mingi jina la sehemu hizi lilipotajwa Nairobi lilikuja pamoja na habari za njaa. Masya alikuwa na miaka 14 ukame mkubwa wa 1984 ulipoipiga Ukambani. Sasa jina la Kitui lilikuwa kwenye kurasa za michezo.

Historia ya wakimbiaji wa Ukambani huandikwa kwa saa na medali. Mimi nitaiandika kwa magoti, kano, nyayo na jasho, kwa sababu huko ndiko ushindi ulikolipiwa, na kwa sababu vijana wanaokuja nyuma yao bado wanalipa bei ile ile bila kuelezwa mapema wanacholipia.

Mwendo mrefu wenyewe si mgeni Ukambani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa kwa miguu, ikikata nyika ya Tsavo na Taru ambako maji ni ya shida. Mmoja wa wakuu wa biashara hiyo alikuwa Kivoi Mwendwa wa Kitui. Ni katika safari ya kwenda kwake ambapo mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Kivoi aliuawa mwaka 1851 msafara wake uliposhambuliwa karibu na mto Tana. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki, Wakamba wengi walikuwa miongoni mwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, mzigo wa kilo 25 hivi kichwani, na jina la kikosi chao limebaki Nairobi hadi leo kwa sura ya mtaa wa Kariokor. Maradhi na uchovu viliwaua wapagazi wengi kuliko risasi. Kisha Julai 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi kupinga kuuzwa kwa nguvu kwa ng'ombe wao. Walipiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.

Wapo wanaozichukua habari hizi na kusema Mkamba huzaliwa na miguu ya chuma. Siwaungi mkono, na nadhani usemi huo umewaumiza vijana wetu zaidi ya unavyowasifu. Anayetembea ana mguu mmoja ardhini kila wakati. Anayekimbia huruka na kutua, na kila akitua uzito wake unarudi juu kupitia kisigino, ugoko, goti na nyonga. Mwanamke wa Mutomo au wa Nzaui aliyebeba mtungi wa lita 20 mgongoni, ukanda wa mukwa umekaza kwenye paji la uso wake, anaumia shingo na uti wa mgongo. Kijana anayekimbia kilomita 30 asubuhi anaumia kwingine. Ustahimilivu wa mababu haumpi mtu gegedu ya akiba katika goti.

Mbio za ushindani ziliingia Ukambani kwa milango ile ile ziliyoingilia sehemu nyingine za Kenya: shule, jeshi, polisi, magereza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukafunguka mlango mwingine, vyuo vikuu vya Marekani. Michael Musyoki alikwenda katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, chuo alikokimbilia pia Mtanzania Suleiman Nyambui. Vyuo hivyo viliwapa vijana wa Afrika Mashariki elimu, chakula na viatu. Viliwapa pia ratiba isiyo na pumziko: mbio za nyika wakati wa vuli, mbio za ukumbini wakati wa baridi, mbio za uwanjani wakati wa masika. Mwanariadha wa masafa marefu aliweza kutakiwa kukimbia mita 10,000 na mita 5,000 katika mashindano yale yale ili chuo kipate alama. Aliyepewa nafasi ya masomo kwa ajili ya miguu yake hakuwa na ujasiri wa kumwambia kocha kwamba mguu unauma.

Musyoki alidumu. Mwaka 1982 alikimbia nusu marathoni mjini Philadelphia kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 36, muda bora kuliko wote duniani wakati huo. Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya Los Angeles, alimaliza wa nne kwenye mita 10,000, na Mfini Martti Vainio alipopatikana na dawa zilizokatazwa na kufutwa, medali ya shaba ikawa ya Musyoki. Mwaka 1983 Joseph Nzau, Mkamba mwingine aliyepitia chuo cha Marekani, alishinda marathoni ya Chicago kwa nusu sekunde tu mbele ya Mwingereza Hugh Jones.

Hapo pesa zikaingia. Boston, marathoni kongwe kuliko zote zinazofanyika kila mwaka, ilianza kutoa zawadi za fedha mwaka 1986. Barabara za Marekani na Ulaya zikajaa mashindano ya kilomita 10, maili 10 na nusu marathoni, karibu kila mwisho wa juma, kila moja na bahasha yake. Kwa mtu aliyelelewa Kitui au Makueni, ambako mavuno hukosekana mara kwa mara, bahasha hiyo ilikuwa karo, shamba, kisima, nyumba ya mama. Nani angeiacha kwa sababu ya maumivu kidogo ya kano?

Inafaa kuona kwa karibu kinachotokea mwilini, kwa sababu mengi yafuatayo yanategemea jambo hili. Chukua mwanariadha wa kilo 57. Akikimbia marathoni kwa hatua za mita 1.8, atapiga hatua zaidi ya 23,000, na kila mguu utatua mara 11,700 hivi. Kila unapotua unapokea nguvu ya mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, yaani zaidi ya kilo 140. Hiyo ni siku ya mashindano pekee. Wiki ya mazoezi ya mkimbiaji wa marathoni wa kiwango cha juu hufika kilomita 180 au 200.

Mfupa ni kitu hai. Ukigongwa mara nyingi, mwili hula sehemu zilizochoka na kujenga mpya, na kazi hiyo huchukua majuma mengi. Katikati ya kula na kujenga, mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Mkimbiaji akizidisha mbio wakati huo, nyufa ndogo hutokea kwenye ugoko, kwenye mifupa ya wayo, kwenye shingo ya paja. Kano nazo hupata damu kidogo na hupona polepole. Moyo, mapafu na misuli ndivyo vinavyowahi kukomaa: baada ya miezi miwili ya mazoezi kijana anahisi pumzi imemjaa na anaweza kuongeza kasi. Pumzi inamruhusu, mifupa bado. Majeraha mengi ya wakimbiaji wachanga hutokea katika pengo hilo la miezi michache, na kocha asiyelijua humwita mtoto mvivu.

Nyufa hizo zina dalili ambayo mzazi yeyote anaweza kuitambua. Maumivu ya msuli hutawanyika. Maumivu ya mfupa ulioanza kupasuka hukaa mahali pamoja, pa kuwekewa ncha ya kidole kimoja, na huzidi mtu akiruka kwa mguu huo peke yake. Kukandwa kwa mafuta ya moto na mzee mwenye mikono mizuri kunaweza kuufaa msuli uliokaza. Kwa mfupa wenye ufa ni hatari, na dawa yake ya kwanza ni kuacha kukimbia kwa wiki sita hadi nane, muda ambao kijana anayesubiri kuchaguliwa timu ya kaunti huuona ni mwaka mzima.

Turudi kwa Masya. Kabla ya riadha alikuwa bondia wa uzani wa bantam, na ngumi zilimpa pumzi, kifua na ukaidi. Great North Run aliishinda mara nne: 1991, 1992, 1994 na 1996. Mwaka 1994 alipitisha saa moja kwa sekunde mbili tu. Marathoni ya Honolulu aliishinda 1991, 1992 na 1994. Ukizitazama tarehe zenyewe utaona mzigo: Septemba 1992 ubingwa wa dunia Uingereza, Desemba mwaka huo huo marathoni nzima kwenye joto la Hawaii, Septemba 1994 mbio za kasi kuliko zote alizokimbia Newcastle, Desemba tena Honolulu. Katikati ya hizo kulikuwa na barabara nyingine za Marekani na Ulaya, safari za ndege za usiku kucha, hoteli, na kuanza upya. Wakufunzi wengi leo huwapa wakimbiaji wao marathoni mbili kwa mwaka na kuwafungia milango mingine. Enzi ya Masya hakuna aliyefunga mlango.

Baada ya 1996 jina lake lilitoweka polepole kwenye orodha za washindi. Alifariki tarehe 24 Septemba 2003 baada ya kuugua kwa muda mrefu, akiwa na miaka 33. Sisemi mbio ndizo zilizomwua. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeipa Kitui ubingwa wa dunia alikuwa amemaliza kazi ya miguu yake akiwa na miaka 26 au 27, umri ambao wakimbiaji wengi wa marathoni huwa ndio kwanza wanakaribia ubora wao.

Cosmas Ndeti wa Machakos aliutunza mwili wake kwa njia nyingine, na kwangu yeye ndiye mwerevu kuliko wote katika habari hii. Boston ni njia ya hila. Inaanzia Hopkinton na kushuka, na mpaka mwisho mkimbiaji huwa ameteremka karibu mita 140. Kushuka kunaonekana raha, kumbe misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inajivuta huku ikirefushwa, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Aliyeshuka kwa pupa kilomita 25 za kwanza hufika kwenye vilima vya Newton na mapaja yaliyokufa. Mwaka 1993 Ndeti aliwaacha wenzake waende, akabaki nyuma sana, kisha katika kilomita za mwisho akampita Lucketz Swartbooi wa Namibia na kushinda. Mtoto wake aliyezaliwa siku chache kabla alimpa jina la Boston. Mwaka 1994 alifanya vivyo hivyo, nusu ya pili upesi kuliko ya kwanza, na kuweka rekodi ya njia hiyo ya saa 2, dakika 7 na sekunde 15, rekodi iliyokaa hadi 2006. Akashinda tena 1995. Mwaka 1996, mbio zilipotimiza mara ya 100, aliiacha subira yake na kukimbia mbele mapema. Miguu ilimdai vilimani. Moses Tanui alimpita, Ezekiel Bitok akampita, naye akawa wa tatu.

Kama kuna mahali nje ya Kenya ambapo Ukambani inaweza kudai kiti, ni Honolulu. Kuanzia 1991 hadi 2009, ushindi 11 wa wanaume ulikwenda kwa Wakamba watatu: Masya mara tatu, Jimmy Muindi mara sita, Patrick Ivuti mara mbili. Mbio hizo huanza saa 11 alfajiri, gizani, ili kulikwepa jua, na bado joto na unyevu wa bahari huwapata wakimbiaji kabla hawajafika mwisho. Kitui na Wote ya Makueni ziko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, chini sana ya Iten ya Bonde la Ufa yenye mita 2,400, na jua la Ukambani halina huruma. Mwili uliozoea joto huanza kutoa jasho mapema, hupunguza chumvi inayopotea katika jasho hilo, na damu yake huongezeka maji. Faida hiyo hujengwa kwa majuma mawili tu ya mazoezi kwenye joto na hupotea mtu akikaa kwenye baridi, kwa hiyo tusiifanye siri ya kabila. Hata hivyo ni faida, na tarehe 7 Oktoba 2007 ilionekana kweupe.

Siku hiyo marathoni ya Chicago ilikimbiwa katika joto la nyuzi 31, kwenye unyevu mzito, wakati ambapo jiji hilo kwa kawaida huwa limeanza kupoa. Vituo vya maji vilikauka kwa waliokuwa nyuma. Mamia walihitaji matibabu, mtu mmoja mwenye tatizo la moyo alifariki, na baada ya saa tatu na nusu hivi waandaaji waliwaamuru waliobaki njiani waache kukimbia. Huko mbele Patrick Ivuti alikuwa akipambana na Jaouad Gharib wa Morocco, bingwa wa dunia mara mbili. Waliingia mita za mwisho bega kwa bega. Ivuti akatangulia, Gharib akarudi, wote wawili wakavitupa mbele vifua vyao kwenye utepe, na hakuna aliyeweza kusema kwa macho nani ameshinda. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyosema: Ivuti, kwa sekunde 0.05. Wote waliandikiwa saa 2, dakika 11 na sekunde 11.

Kinachomwangusha mkimbiaji kwenye joto namna hiyo ni ugomvi wa damu. Misuli inaitaka ipate hewa, ngozi inaitaka ipoze mwili, na jasho la lita moja au zaidi kwa saa linaipunguza wingi. Moyo unapiga haraka kuwatosheleza wote. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na kuendelea kupanda, mtu huanza kuyumba, kuongea maneno yasiyoeleweka, kisha kuzirai. Aliyefikia hapo atumbukizwe kwenye maji baridi papo hapo, kabla hata ya kupakiwa kwenye gari, maana kila dakika ya kuchelewa inaumiza ubongo, figo na ini. Katika mashindano ya shule za Kitui mwezi Februari, ndoo chache za maji baridi na shuka kando ya uwanja zinaweza kuokoa mtoto.

Miezi miwili baada ya Chicago, huko Honolulu, Muethiopia Ambesse Tolossa alifika wa kwanza na Muindi wa pili. Vipimo vikaonyesha morfini katika mwili wa Tolossa, akafutwa, na ushindi huo wa sita ukawa wa Muindi. Morfini ni dawa ya kuzima maumivu. Haiongezi pumzi wala haijengi msuli.

Kuzima maumivu kwa dawa hakukuishia kwa Tolossa. Katika maduka ya dawa ya miji yetu midogo, vidonge vya kutuliza maumivu vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa bila cheti, na wapo wakimbiaji wanaovimeza asubuhi ya mashindano kabla hata ya kuumia. Vikikutana na mwili uliokauka maji, figo huwa hatarini. Zaidi ya hapo iko sindano. Miaka ya 2021 na 2022 kitengo cha uadilifu wa riadha duniani kiliwafungia wakimbiaji kadhaa wa Kenya kwa triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi ambayo madaktari huichoma kwenye goti au kano iliyovimba. Tangu Januari 2022 sindano zote za jamii hiyo zimekatazwa wakati wa mashindano. Mtu anaweza kuingia kliniki kwa ajili ya goti na kutoka na adhabu ya miaka. Mkimbiaji ana wajibu wa kuuliza jina la kila dawa kabla haijaingia mwilini mwake, na aliyemchoma naye ana wajibu wa kumwambia.

Nafika sasa kwa Patrick Makau, ambaye goti lake ni sehemu ya historia ya Kenya kama ulivyo muda wake. Alizaliwa mwaka 1985 upande wa Kangundo na akaja kufanyia mazoezi Ngong. Aprili 2011, kwenye marathoni ya London, alianguka vibaya njiani, akainuka, akamaliza wa tatu kwa muda sawa na wa pili. Tarehe 25 Septemba mwaka huo alikuwa Berlin, na kando yake alikuwa Haile Gebrselassie, mwenye rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 3 na sekunde 59. Baada ya kilomita 25 Makau alianza kukata barabara upande huu na upande ule, akiongeza kasi kwa ghafla, akimlazimisha Haile amfuate. Haile alishindwa pumzi na kusimama kando. Makau akaendelea peke yake na kumaliza kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Ukambani ikawa na mtu aliyekimbia marathoni upesi kuliko binadamu yeyote.

Ushindi huo ulifuatwa na msimu mgumu. Mwaka 2012 hakumaliza London, na nafasi ya Olimpiki ikampita. Alishinda Frankfurt mwaka huo. Mwaka 2013 Wilson Kipsang akaichukua rekodi yake pale pale Berlin. Makau alirudi kushinda Fukuoka 2014 na 2015, kwa muda wa zaidi ya dakika nne juu ya ule wa Berlin. Goti lilikuwa limeshaanza kumtawala. Aprili 2019, akiwa na miaka 34, alitangaza kuacha mbio za ushindani kwa sababu ya majeraha.

Makau alikuwa na pesa, alikuwa na wakala, aliweza kufika kwa wataalamu. Kama goti lilimshinda yeye, kijana wa Mwingi au wa Makindu asiye na hata barafu ya kuweka kwenye kano ana nafasi gani?

Nafasi anayo, na si ndogo, ila inategemea yaliyo karibu naye. Aprili 2024 Alexander Mutiso Munyao alishinda marathoni ya London kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 1 mbele ya Kenenisa Bekele, kwa hiyo mkondo huu haujakauka. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo imewekwa lami, na lami hiyo inawavutia wakimbiaji kwa sababu haina vumbi wala mashimo. Ni ngumu kuliko udongo, ina malori na bodaboda, na mteremko wake wa pembeni humfanya mtu akimbie mguu mmoja ukiwa chini kidogo ya mwingine kwa kilomita nyingi, jambo linalovuta nyonga na upande wa nje wa goti. Njia za mchanga na za mashambani kando yake bado ndizo bora kwa siku nyingi za wiki. Viatu vipya vyenye bamba la kaboni navyo vina habari yao. Vinaongeza kasi kweli, lakini vinahamisha mzigo, na mwaka 2023 madaktari wa michezo waliandika kuhusu wakimbiaji waliopata nyufa kwenye mfupa wa katikati ya wayo baada ya kuvitumia. Viwekwe kwa siku ya mashindano.

Kuhusu wasichana nina neno la ziada. Msichana anayechota maji alfajiri, anayekwenda shule kwa miguu, anayekimbia jioni na kula mlo mmoja wa maana kwa siku, anatumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza. Mwili ukiona upungufu huo hupunguza matumizi: hedhi husimama, na mifupa hukosa homoni inayoilinda. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii na kusema wazi kuwa inawapata hata wanaume. Kocha anayefurahi kwamba msichana wake amepungua kilo na hedhi imekatika anashangilia dalili ya ugonjwa. Muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa wenye maharagwe ya kutosha, maziwa na yai vinamfaa kuliko kidonge chochote.

Uwezo wa kuwahudumia haupo mbali. Mwaka 2016 Makueni ilianzisha MakueniCare, mpango ambao kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na nchi nzima ikaja kujifunza. Chuo cha mafunzo ya udaktari KMTC kina kampasi Kitui na Makueni. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza. Kaunti iliyoweza kumtibu kila mkulima inaweza kumweka mtaalamu mmoja wa viungo kwenye mashindano ya shule, na vyuo hivyo vinaweza kuwapeleka wanafunzi wao uwanjani wakajifunze huko.

Kwa walimu wa michezo na makocha wa Kitui na Makueni, ombi langu ni hili. Msimwandikie mtoto mmoja mita 1,500, 5,000 na 10,000 katika siku mbili kwa sababu shule inataka alama. Msiongeze kilomita kwa pupa. Mpeni siku moja kamili ya kupumzika kila wiki. Akisema anaumwa mahali pamoja pa kuwekewa kidole, mtoeni kwenye mbio na mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo.